Filamu za Kutisha za Senge Nafula

Harufu ya dawa ya kuua viini ilimtangulia Senge Nafula mlangoni, na mpaka leo haijanitoka puani. Senge, yaani dada ya baba yangu, alifanya kazi mochari mjini Kitale, akiosha na kuvisha maiti. Desemba ile nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa amejifungua pacha kwetu Myanga, nikapelekwa kukaa na Senge katika chumba chake mtaani Tuwan mpaka shule zifunguliwe. Zamu yake iliisha saa nane mchana. Akifika alioga, akakaanga karanga, akafunga pazia ili jua lisipige kioo cha televisheni, kisha akatia diski kwenye deki. Alipenda filamu za kutisha, na zile za ajabuajabu ambazo mwenye duka la diski alimpa kwa furaha kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka.

Mimi nilitazama kupitia katikati ya vidole. Yeye alitazama kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. "Ati maiti anakimbia?" alicheka wafu walipofufuka na kuvamia mji. "Magoti yamekauka hayo, bana. Lakini hebu ona hicho kidonda. Aliyekitengeneza anajua kazi." Mzimu ukitokea, alisifu ule ukimya uliotangulia, si mzimu wenyewe. Kulikuwa na moja kuhusu mzee aliyeishi na mbuni katika nyumba isiyo na milango. Hakuna aliyeuawa, hakuna aliyeoa. Aliitazama mara mbili. "Sijaelewa kitu," aliniambia, "lakini sijasinzia hata kidogo." Nilimwona kuwa jasiri kuliko watu wote niliowajua.

Hata hivyo sikutaka anisuke. Jirani yetu, Mama Brenda, alikuwa ameninong'oneza kwamba mikono ile inashika wafu. Yeye mwenyewe hakuwahi kumpa Senge mkono. Alimsalimia kwa mbali, akijifanya anaanika nguo. Kila Senge aliposhika kitana, nilisingizia kuumwa na kichwa. Wiki tatu nywele zangu zilisimama ovyo, naye hakunilazimisha.

Mchana mmoja tulitazama filamu ya nyumba iliyogongwagongwa kutoka ndani ya ukuta. Ikafika mahali mama anamvisha binti yake aliyekufa, akimfunga kifungo kimoja kimoja. Nilingoja Senge aikosoe. Badala yake aliinuka, akazima deki, akaketi akitazama kioo cheusi huku machozi yakimshuka.

"Senge, imekuogopesha?"

"Hapana, mama. Hiyo wameifanya vizuri sana." Akapangusa uso kwa leso. "Jumatatu tuliletewa msichana, rika lako tu. Hakuna mtu alikuja kumwona. Nilimsuka nywele, nikamwambia asijali, yuko na mtu."

Nilichukua kitana juu ya meza, nikamkabidhi, nikaketi sakafuni kati ya magoti yake. Vidole vyake vilikuwa na joto. Alinisuka mistari minane, taratibu, wala hakuniuliza kichwa kilipona lini.

Siku hizi naishi Bungoma mjini, na filamu zote ninazozitaka zimo kwenye simu. Damu yake inafanana na damu kweli, sauti zinazunguka masikio, na nyingine nilizoziona mwaka huu ni kazi safi kabisa. Lakini nazitazama peke yangu. Senge amestaafu, anafuga kuku Kiminini, na macho yake yamefifia, kwa hiyo mimi humsimulia kwa simu. Mwezi uliopita nilimsimulia moja niliyoipenda mno: kijiji kizima kinaangamizwa, msichana mmoja ananusurika, anaondoka akielekea jua linakochomoza. Nilimsifia rangi, muziki, na jinsi mwisho wake ulivyonishtua. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Ni nzuri," akasema. "Na wale wengine, nani aliwazika?"

Tulipoagana niliifungua tena filamu ile, nikaitazama upya tangu mwanzo, nikimtafuta mtu yeyote aliyeinama kumfunika maiti. Hakuwapo hata mmoja.