Bibi Pua na Bia Nyeusi Isiyo na Shayiri

Pale kiwandani palikuwa na sauti moja iliyoogopwa kuliko king'ora cha boila, nayo ni sauti ya glasi ya Bibi Pua ikigeuzwa juu chini mezani. Ko! Ukiisikia hiyo, ujue tangi zima linamwagwa. Hakuna rufaa, hakuna "tafadhali mama". Chumba cha kuonjea kilikuwa na sheria zake tangu zamani: waonjaji watano, meza nyeupe, madirisha wazi, mtu asijipake manukato wala asile kitunguu asubuhi, na asiseme neno mpaka wote wamalize. Bia ukiikubali, unaiacha glasi imesimama. Ukiikataa, unaigeuza. Na wa mwisho kuamua alikuwa yeye, mama wa miaka hamsini na sita, mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, na ulimi, nakwambia, wa kumenyea viazi.

"Mpishi, hii umeipika au umefulia soksi?" alizoea kumuuliza mdogo wake mbele za watu.

Maana mpishi wa bia pale alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, pande la mtu lakini mpole. Wote wawili walifunzwa kazi na baba yao, na baba yao alifunzwa na Mbelgiji mmoja aliyekuwa bosi wake enzi za ujana. Mzee alipofariki aliwaachia vitu viwili tu vya maana. Cha kwanza ni maarifa ya kupika bia nyeusi ya Kibelgiji, ile nzito yenye rangi ya kahawa, inayonukia zabibu kavu na sukari iliyounguzwa, na kwa mbali karafuu, ingawa hakuna anayetia karafuu humo. Harufu hiyo huletwa na chachu yenyewe. Cha pili ni mwiko wa mti, mrefu kama kasia, aliokorogea maisha yake yote. Mtoto mmoja akarithi mkono wa mzee, mwenzake akarithi pua.

Sasa njoo kwenye tumbo. Miaka mitatu iliyopita Bibi Pua alianza kukonda. Tumbo linajaa, linakata, usiku halali, na yeye kimya, anajifunga kanga tumboni anakuja kazini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa mapema, akaanguka kwenye ngazi za stoo watu wote wakiangalia. Daktari alimpima, akamwambia utumbo wake haupatani na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, na kwamba asiionje tena mpaka anaingia kaburini.

"Na bia je, daktari?"

"Bia inatengenezwa na nini, mama?"

Jamani! Mwambie mvuvi bahari imekauka. Alirudi nyumbani, akajifungia chumbani, akalia kilio cha msiba.

Bosi wa kiwanda, mwanamke mwenye moyo wake, hakumfukuza. Alimwachia kiti, awe ananusa tu bila kumeza. Lakini pua bila ulimi ni shahidi wa nusu kesi, na mwenyewe alilijua hilo kuliko wote. Akapoteza ujasiri. Atamwambiaje mtu bia yako mbaya, naye hajaionja? Kila glasi aliyoletewa aliinusa, akatabasamu, akasema, "Inanukia vizuri." Miaka mitatu glasi yake haikugeuzwa hata mara moja. Watu wapya wakadhani ndivyo alivyo, bibi mpole! Mdogo wake, aliyekuwa akiilaani ile ko! kila jioni mbele ya mkewe, sasa aliitamani. Bia ilikuwa inashuka ubora taratibu na hakuna wa kumwambia kosa liko wapi.

Mwaka huu bosi akamwita ofisini. "Mama, nimevumilia kadiri nilivyoweza. Mwonjaji asiyemeza simwezi tena. Mwisho wa mwezi wa sita kiti chako nakipa mtu mwingine. Wewe nitakupeleka chumba cha lebo, mshahara ule ule."

"Kubandika makaratasi kwenye chupa," alisema Bibi Pua.

"Kazi ni kazi, mama."

Alitoka pale. Mdogo wake alimkuta kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, ameishika miwani mkononi. Akakaa karibu naye.

"Dada, kinachokuua ni shayiri, si bia. Basi nitaipika bila shayiri. Mtama na ulezi vipo. Nitaviotesha vimea, nitavikaanga viwe vyeusi, halafu tuone."

"Bia nyeusi ya mzee kwa ulezi?"

"Kwani mzee atafufuka kuja kutupiga?"

Akaanza. Ya kwanza ilitoka maji ya kuoshea sufuria. Ya pili ilikuwa kali kama siki, nyepesi, povu lake linakufa kabla hujainua glasi. Zote mbili Bibi Pua alizionja kwa ncha ya ulimi tu, akasema kwa upole, "Umejitahidi, mdogo wangu." Yule bwana aliumia kuliko kama angetukanwa.

Ya tatu ndiyo ilikuwa kitu. Bibi Pua alimeza funda la kwanza, akafumba macho. La pili. La nne. Machozi yakamtoka, akasema zabibu zipo, moshi upo, mzee yupo humu. Wakakumbatiana pale pale kati ya matangi, mafundi wakapiga makofi. Ilipofika saa tisa alasiri alikuwa amejikunja kwenye lile lile benchi, jasho linamtiririka, hawezi hata kunyoosha mguu.

"Basi, naacha," alisema mdogo wake. "Siwezi kukuua kwa ajili ya kiti."

Bosi alipeleka chupa iliyobaki maabara. Majibu yakarudi: gluteni imo. Imetoka wapi? Magunia mapya, kinu kipya, tangi limesuguliwa mpaka unajiona sura. Kila mtu alimwangalia mwenzake kama mwizi.

Wiki moja baadaye Bibi Pua alirudi, amepungua lakini macho makali. Akavuta stuli, akaiweka katikati ya chumba cha kupikia.

"Pika," alimwambia mdogo wake. "Nataka nikuone mwanzo mpaka mwisho."

Mpishi akapika. Akasaga vimea, akamimina, akaongeza maji ya moto, akapima joto. Kisha, bila hata kugeuza kichwa, kama mtu anavyojikuna sikio, akanyoosha mkono nyuma ukutani na kuutwaa ule mwiko.

"Simama hapo hapo!"

"Nini tena?"

"Huo mwiko umekoroga shayiri miaka mingapi?"

Mpishi aliutazama. Mti mweusi, umepasukapasuka, kila ufa umejaa miaka arobaini ya kazi. "Lakini nimeuchemsha, dada. Nimeusugua kwa brashi."

"Mti unakunywa, wewe! Huo umekunywa kuliko walevi wote wa mji huu."

Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea. Siku zote walikuwa wanautafuta uchafu kwenye magunia ya watu, na wao wenyewe wanauingiza kwa mkono wao. Na usiwacheke. Ule haukuwa chombo machoni mwao, ulikuwa mkono wa baba, na nani anaushuku mkono wa baba yake? Hata Bibi Pua aliupita kila siku, akaugusa kidogo akipita, asiuone.

"Sijawahi kupika bila huu," alisema mdogo wake taratibu.

"Najua. Mimi pia naona uchungu. Lakini mzee alitufundisha kupika, hakutufundisha kuabudu mti."

Wakautundika kwenye ukumbi wa mbele, juu, pasipofikika. Ile bia wakaimwaga. Wakanunua mwiko wa chuma, wakaanza upya na magunia mengine.

Ya nne ilikuwa tayari siku tatu kabla ya mwezi wa sita kuisha. Maabara wakaandika: safi. "Vizuri," alisema Bibi Pua, "lakini tumbo langu halijui kusoma."

Saa nne asubuhi waonjaji watano walikaa, bosi amesimama mlangoni. Walionja kimya. Glasi nne zikabaki zimesimama. Bibi Pua alikunywa nusu ya glasi yake, akaiweka mezani, akafunika kwa kisahani.

"Tumbo lipige kura kwanza," alisema. "Tuonane saa nane."

Akaenda kukaa kwenye benchi lake. Mdogo wake akakaa kando yake, hafanyi kazi, anamwangalia tumboni kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Saa sita, kimya. Saa saba, tumbo likanguruma, yule bwana akaruka juu.

"Kaa chini," alisema dada yake. "Hiyo ni njaa."

Saa nane alisimama mwenyewe, akanyooka, akatembea mpaka chumba cha kuonjea bila kushika ukuta. Watu walianza kushangilia. Bosi akasema, "Mama, hongera, sasa naweza kutangaza—"

Bibi Pua aliinua kidole. Akakaa kwenye kiti chake, akaondoa kisahani, akainywa ile nusu iliyobaki taratibu, akaizungusha mdomoni, akameza. Kisha akaigeuza glasi.

Ko!

Mpishi akasogea mezani.

"Sukari umeiondoa motoni mapema, uliogopa isiungue," alimwambia mdogo wake. "Mtama umezidi ulezi. Na chachu umeiharakisha kama unafukuzwa na polisi. Hii ni bia au ni dawa ya kikohozi? Mwaga."

Waonjaji wanne waliinamia meza. Bosi alimwangalia Bibi Pua, akazitazama zile glasi nne zilizosimama, akamwambia karani wake aliyekuwa nyuma yake aichane barua ya kumhamishia chumba cha lebo.

Mpishi alikuwa analia waziwazi, pande lile la mtu, huku anapapasa mifuko akitafuta kalamu.

"Rudia, dada," alisema. "Hapo kwenye sukari. Rudia polepole, niandike."