Upanga Butu wa Fundi wa Mapazia

Siku hiyo fundi wa mapazia aliamka kabla saa ya mezani haijalia, akakaa kitandani akitabasamu peke yake. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, ana wajukuu wawili na miwani ya kusomea, lakini alikuwa na furaha ya mtoto wa shule siku ya matembezi. Saa nne asubuhi ukumbi wa maonyesho ungefunguliwa, na kwa mara ya kwanza meza moja humo ingekuwa yake.

Mambo yalianza miaka sita nyuma, sebuleni kwa mteja. Yeye alikuwa juu ya ngazi akipima dirisha, watoto wa nyumba ile wakitazama katuni ya Kijapani, na kwenye runinga msichana mmoja alikuwa amesimama peke yake darajani, upanga mkononi, akiwazuia majambazi kumi na wawili wasivuke. Fundi akasahau dirisha. Katuni ilipokwisha, vipimo vyote vilikuwa vimemtoka kichwani, ikabidi aanze upya. Wiki iliyofuata alirudi eti kurekebisha pindo, na pindo lenyewe halikuwa na kasoro yoyote. Watoto walimwelewa, wakampisha kwenye kochi.

Leo ana panga saba ukutani. Zote ni za mfano, zimeundwa kwa kuiga zile za katuni: chuma ni cha kweli, lakini butu kama kijiko. Anazitunza kama mboni ya jicho. Hazigusi kwa vidole vitupu, maana jasho huacha alama na alama hugeuka kutu. Anavaa glavu za pamba, anafuta mafuta ya zamani, anapiga poda kidogo ya mtoto ili inyonye mabaki, kisha anapaka tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja tu, kwa sababu mafuta yakizidi yananasa vumbi. Na kamba za mpini zikilegea, anazisuka upya kwa utepe wa mapazia. Hapo ndipo huwezi kumwambia kitu: mipini yake imekaza kuliko ilivyotoka kiwandani.

Mumewe hakutaka hata kusikia habari hizo. Yeye ni mnoa visu, ana kibanda nyuma ya nyumba chenye mawe kumi na moja ya kunolea, na mtaa mzima unamwita Wembe. Wapishi, vinyozi, washonaji, wote ni wateja wake, na kila mmoja ameshamsikia akijigamba kwamba tangu ashike jiwe hakijawahi kutoka mkononi mwake kitu butu. Sasa mtu wa namna hiyo umwekee ukutani kwake panga saba zisizokata hata ndizi mbivu! Miaka sita alipita sebuleni amegeuza shingo upande wa pili.

Mkewe lilimuuma hilo, ingawa hakusema. Alitamani mara moja tu mumewe asimame, autazame hata mmoja.

Upanga wa kwenda kwenye maonyesho ulikuwa ule wa msichana wa darajani, wenye ala ya buluu. Picha yake ilikuwa kwenye fomu iliyopigwa muhuri, kubadilisha hakuruhusiwi. Na kanuni ya kwanza kwenye karatasi ilikuwa hii: upanga wenye makali hauingii ukumbini, na mwenye nao anapoteza meza.

Saa moja na nusu akaja wifi yake, dada wa Wembe, na kitambaa cha meza alichokipiga pasi mwenyewe.

"Wifi, umependeza. Mtu atadhani unaenda kuolewa."

"Kuolewa nilishaolewa, tena na kaka yako. Leo naenda kwenye raha zangu."

Wakacheka. Fundi akavaa glavu, akauchomoa upanga aufute kwa mara ya mwisho. Kipande cha pamba cha kufutia kikapita kwenye ukingo wa chuma, kikawa vipande viwili.

Alivitazama vile vipande. Akautazama upanga. Kutoka kwenye mpini mpaka nchani ulikuwa na mstari mwembamba, mweupe, unaomeremeta.

"Baba watoto," aliita polepole.

Wembe alitoka jikoni na kikombe cha chai, uso umemjaa tabasamu. "Umeuona, eh? Nimeamka alfajiri. Nikasema leo siku ya mama watoto, na mimi nitie mkono wangu. Huo sasa unanyoa ndevu."

Fundi hasira zilimpanda, na katikati ya hasira hizo akafurahi, jambo lililozidi kumchanganya. Miaka sita, na leo kaugusa. Akampa ile karatasi ya kanuni. Wembe aliisoma, midomo ikimcheza, na tabasamu likamwisha kidogo kidogo.

"Kwa hiyo watu wanakusanyika kutazama panga butu?"

"Ndiyo."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi, mume wangu. Na huu utarudi kuwa butu sasa hivi, na wa kuurudisha ni wewe. Mwingine ataukwaruza."

"Unajua unaniomba kitu gani?"

"Najua."

"Watu wakisikia je?"

"Nani atawaambia?" akadakia wifi. "Mimi nimefunga mdomo mpaka Jumatatu."

Kibandani Wembe aliubandika upanga utepe wa karatasi pande zote mbili, mng'ao usije ukakwaruzika, akasimamisha ukingo wima juu ya jiwe. Mara ya kwanza kusugua alifumba macho. Mkewe alisimama mlangoni akitazama saa: saa mbili na nusu, saa tatu kasoro.

"Hao majambazi wa katuni yako," alisema Wembe bila kuinua kichwa, "walivuka daraja?"

"Hawakuvuka."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Alipomaliza aliupitisha kwenye mkono wake, anapojaribia visu kila siku. Haukunyoa hata unywele mmoja. Aliutazama mkono ule kwa huzuni, akaubandua upanga utepe.

Saa nne kasoro dakika tano walikuwa mlangoni kwa mkaguzi, binti mwenye kizibao cha njano. Nyuma yao kwenye foleni, na wanawe wawili, alisimama kinyozi, mteja wa Wembe wa miaka mingi. Fundi alipomwona alijisogeza karibu na mumewe.

Mkaguzi aliburuta karatasi kwenye ukingo wa upanga, mwanzo mpaka mwisho. Karatasi ikatoka nzima.

"Wengi wanapiga tupa tu, unakuta mikwaruzo kila mahali," alisema. "Huu umelainishwa vizuri sana. Nani kautia ubutu hivi?"

"Ni fundi mmoja tu," fundi aliwahi kujibu, akimkinga mumewe na macho ya kinyozi.

"Ni mimi," alisema Wembe, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni. "Mimi ndiye niliyeutia ubutu. Mume wake." Kinyozi alibaki mdomo wazi. Wembe hakugeuka. Alinyoosha kidole kwenye mpini, kwenye utepe wa mapazia. "Lakini kazi yenyewe ni hii hapa, binti. Hii kaisuka mke wangu kwa mkono. Hebu jaribu kuilegeza uone."