Gesi Isiyolia

Kutoka Murusagamba mpaka Nyamahanga, miaka ile kambi za wakimbizi zimejaa, friji ikigoma aliitwa mtu mmoja: mimi. Shule niliishia darasa la nne. Ufundi niliupata kwa macho, nikiwatazama mafundi wa mashirika, na haukupita mwaka wao ndio wakawa wananiuliza mimi.

Kabla ya kujaza gesi mpya nilikuwa naifungulia ile iliyobaki, inalia sss hadi nyumba ya tatu. Mteja alisimama karibu asikie. Asiposikia, kwake kazi haijafanyika.

Ndipo tukaitwa semina mjini Ngara. Mkufunzi akatueleza kwamba gesi ile hupanda juu sana, ikala tabaka linalotukinga na ukali wa jua, na kwamba mataifa, makubwa kwa madogo, yametia saini kuikomesha. Tuikusanye, tusiiachie. Mashine ya kukusanyia tulionyeshwa, kisha ikaondoka naye. Wenzangu walichukua posho wakasahau. Mimi nilielewa kuliko wenye vyeti. Alitaja kwamba gesi hukimbilia penye baridi, basi nikaweka mtungi mtupu kwenye beseni la barafu, nikaunganisha mpira kutoka kwenye friji, gesi ikaingia yenyewe, kimya.

Nilianzia kwa mama mmoja mwenye baa njia ya kambini. Neno lake ndilo lililonipa kazi zote za kambini.

“Fundi, mbona haijalia?”

“Siku hizi hailii, mama. Nimeiweka mtungini. Ikitoka inaharibu anga.”

“Anga la nani?”

Wanywaji wakacheka. Mmoja akasema, “Mwacheni, amesoma semina.”

“Hiyo gesi ni yangu,” mama akasema. “Unaipeleka wapi?”

“Nikishaziba palipovuja nakurudishia hiyo hiyo, naongeza kidogo.”

“Kumbe hata mpya huna. Unaninyonyea friji, halafu uniuzie changu.”

Nilimweleza habari ya mataifa, tena vizuri kuliko yule mkufunzi. Akaagiza aitwe fundi mwingine, mtu niliyemfundisha mimi kushika bisibisi, na semina tulikaa benchi moja. Akaja. Alibeba mtungi wangu hadi uani, akaufungua mbele ya watu. Ukalia mpaka ukaisha. Mama akakubali kwa kichwa, roho imetulia.

Nikawa mwizi wa gesi. Kambini hawakuniita tena, na mitaani watu niliowapozea bia miaka yote walipita mlangoni kwangu wakitazama pembeni.

Baada ya muda mrefu akaniita mwenye duka mmoja wa Nyakisasa, mwenye friji ya jenereta. Alisimama ubavuni kwangu, ametega sikio. Beseni nilikuwa nimeliacha nyumbani makusudi. Mataifa yalitia saini yakiwa mengi. Mimi pale nilikuwa peke yangu, na jina langu lilikuwa limeshachafuka.

Nikafungua. Ikalia.

“Sasa hapo,” akasema, “ndiwe fundi.”