Ushuhuda wa Masepetu

Ibada ya kwanza ya mwaka, mama alisimama kanisani akashuhudia kwamba Mungu amemwonyesha biashara mpya ya duka letu: kuuza masepetu, sururu na mabuti kwa wachimbaji wanaokwenda kuchimba kobalti Kambove. Mchungaji aliuombea mpango huo, akampaka mama mafuta mikononi. Wanawake wakapiga vigelegele. Kwetu Likasi, jambo ukishalishuhudia hivyo si lako tena peke yako. Kanisa zima linangoja litimie.

Lilitimia kwa miezi kadhaa. Kisha bei ya kobalti ikaanguka huko mbali inakouzwa, na depo zilizokuwa zikinunua mawe yake zikafunga milango moja baada ya nyingine. Wachimbaji wakawa wanapita mbele ya duka letu wakirudi makwao, bila hata kugeuza shingo. Duka hilo ndilo lililotulisha, na zamani, likiuza sabuni na chumvi, ndilo lililonisomesha gestion, yaani uendeshaji wa biashara, mpaka diploma. Likifa, hatukuwa na lingine.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikiulizwa kama nataka chai, nafikiria kwanza kama makaa yatatosha. Siku zile niliwaza mpaka chakula kikanishinda. Chuoni tulifundishwa kwamba mpango mzuri unaamua mapema: ukiona ishara fulani, geuka. Ishara nilikuwa naziona kila asubuhi. Nilichokosa ni namna ya kumwambia mama kwamba maono yake yanahitaji kugeuzwa.

Nilikuwa nimewaona pia wanawake wanaoshuka kwenye taxi-bus na vikapu vya samaki wakavu kutoka ziwa Tshangalele. Kabla ya jua kukolea, vikapu vilikuwa vitupu. Kobalti iwepo isiwepo, watu wanakula bukari, ugali wetu, na bukari inataka mboga.

Dereva mmoja jirani yetu ndiye aliyenifungulia njia, bila kukusudia. Alisimama mlangoni akaangalia masepetu yaliyojaa vumbi.

"Mama, sasa uko unauzisha nani? Siku hizi ni wachimba makaburi tu."

"Toka hapa na kinywa chako!" mama akamjibu. Akacheka naye, lakini dereva alipoondoka, mama akabaki akifuta sepetu moja kwa kitenge chake, tena na tena.

Nikasema haraka kabla sijaanza kuogopa. "Mama, tuache masepetu upande mmoja. Upande mwingine tuweke samaki."

"Weye! Unataka baseme miye nilidanganya kanisa?"

"Hapana, mama. Soko ndilo limebadilika."

"Soko. Na Mungu naye amebadilika?"

Hilo halikuwemo kwenye diploma yangu. Wiki nzima hatukuligusa tena, na wiki nzima hakuna aliyenunua hata buti moja. Kila nilipomtazama nilijiuliza kama ninamwokoa au ninamharibia imani yake, na kama samaki nao wakikosa wanunuzi atanitazama vipi.

Jumapili, wakati wa shuhuda, mama akainuka. Hakuwa ameniambia kitu.

"Wapendwa," alisema, "mwanzoni mwa mwaka niliwaambia Mungu alinipa masepetu. Masepetu hayatembei. Kuanzia kesho nitauzisha samaki. Mniombee."

Akakaa. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mchungaji aliangalia Biblia yake kana kwamba ametafuta mstari akaukosa. Nyuma yetu mwanamke mmoja alinong'ona, "Kumbe maono yanaisha?" na mwenzake akakohoa kicheko. Kisha mzee mmoja pembeni akasema "Amina", peke yake, na ibada ikaendelea.

Njiani mama alitembea mbele yangu. Tulipokaribia duka akageuka.

"Na samaki zikikosa kutoka?"

"Tutaangalia mwezi ukiisha. Zikikosa, tutageuza tena. Pengine unga."

"Miye nisimame tena mbele yao?"

Ningeweza kumwambia hapana. Nilikuwa nimeshaliwaza hilo pia, kutoka kila upande.

"Pengine, mama."

Akavua viatu vyake vya kanisani, akafungua kufuli, akaingia. Nilimsikia akiburuta sururu kwenda ukutani, na nikaingia kumsaidia kutafuta nafasi ya vikapu.