Barabara ya Mangobo Bila Trotwari

Siku yangu ya kwanza katika biro, ofisi ya mipango ya mji wa Kisangani, sikushika kifaa chochote. Nilikuja na suruali iliyopigwa pasi, nikitegemea kupewa darubini ya kupimia ardhi niliyofundishwa shuleni. Chef wa biro, yaani mkuu wetu, mzee mrefu mwenye sauti ndogo, alitazama viatu vyangu, kisha akanipeleka sokoni. Tulitembea asubuhi nzima. Alinionyesha mahali ambapo akina mama wenye mizigo kichwani hushuka barabarani kwa sababu kando kumejaa maji, na jinsi baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, zinavyowapita kwa karibu.

“Leo hatupime kitu,” aliniambia. “Leo angalia miguu ya watu. Bon, kesho utashika mita.”

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya trotwari, njia ya kando kwa wanaokwenda kwa miguu. Vijana wengi hudhani ni saruji tu inayomwagwa. Sisi tulianza na maji. Mvua ya kwetu ni nyingi, kwa hiyo kwanza unautafutia mtaro mahali pa kupita na pa kumwaga. Juu ya mtaro unalaza dali, yaani mabamba ya zege, na watu wanapita juu yake. Kisha unajenga ukingo wa kutenganisha miguu na magurudumu. Uso wa trotwari unauinamisha kidogo, la sivyo maji yatalala hapo na watu watarudi barabarani.

Pesa ndiyo iliyotusumbua kuliko maji. Mji uliomba kwa jimbo, jimbo likaomba Kinshasa, na jibu, likija, lilitoka kwa wafadhili wa nje. Hao walipenda barabara, maana barabara huzinduliwa kwa utepe na hotuba. Trotwari ikiombwa peke yake haikumpata mtu wa kuilipia. Tukajifunza kuitia ndani ya makadirio ya barabara, ipite pamoja nayo.

Nilipelekwa Lubunga, ng’ambo ya mto, nikawa ninavuka kwa pirogi kila asubuhi. Niliporudi, mzee wangu alikuwa amestaafu, na mahali pake alikuwepo ingénieur, mhandisi aliyetoka Kinshasa. Meza yangu iliwekwa karibu na ya Mama Anyesi, mchoraji wa ramani. Alikuwa mjane, mtu wa Maniema, akikaa Mangobo na kuja kazini kwa miguu. Mstari wake haukutetemeka. Alikuwa na desturi ya kuchora watu wadogo juu ya trotwari, na kila mmoja alimbebesha kitu.

Sisi wawili ndio tuliochora barabara ya Mangobo. Tuliweka trotwari pande zote mbili, mbele ya shule na mbele ya kituo cha afya. Mfadhili alikubali. Lakini kabla kazi haijaanza, bei ya saruji na ya mafuta ilipanda, na ingénieur akatuita tuseme kitu gani kiondolewe. Nilitetea trotwari nilivyoweza. Mama Anyesi, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema mikutanoni, aliomba nafasi.

“Chef, mimi niko ninakaa pale. Leo mashimo ndiyo inazuia magari kukimbia. Tukiweka lami bila trotwari, watu watapita wapi?”

“Mama, watapita pembeni, sawa siku zote,” alijibu ingénieur. “Trotwari iko ya awamu ya pili.”

Hakuwa mtu mbaya. Pesa kweli hazikutosha, na tungekataa, barabara ingepewa mji mwingine.

Lami ikalazwa. Watu wa Mangobo walicheza siku ya uzinduzi, na mimi pia nilifurahi kuiona. Mashimo yalipokwisha, pikipiki zikaanza kukimbia. Asubuhi moja Mama Anyesi alikuwa anakuja kazini kwenye ukingo wa lami, kwa kuwa pembeni palikuwa na mtaro wazi. Pikipiki iliyokuwa inalipita lori ikamgonga. Dereva wa pikipiki mwenyewe ndiye aliyemwinua na kumpeleka kituo cha afya, akabaki mlangoni analia. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika, na haukuunga vizuri. Tangu hapo alitembea kwa magongo, na hakurudi tena biro.

Nilikuwa ninamtembelea Jumapili. Kati ya mlango wake na mji palikuwa na mtaro, kisha lami yenye pikipiki. Siku moja aliniambia pole pole, “Papa Ramazani, nyumba yangu iko karibu na kila kitu, lakini sifike popote.”

Nilimweleza ingénieur. Alikwenda mwenyewe kumwona, na alipotoka aliandika kuomba awamu ya pili. Aliomba tena na tena, mpaka akahamishwa. Jibu halikuja.

Akina mama wanaouza mbele ya uwanja wa Mama Anyesi ndio walioanza. Walisema tujenge wenyewe kipande kidogo cha trotwari, kutoka kwake hadi kituo cha afya. Watu wa parokia wakaleta mawe, watu wa msikiti wetu wakaleta saruji, wavuvi wakatuvushia mchanga. Mimi nilinyoosha kamba. Kustaafu kwangu kulinikuta katikati ya kazi hiyo: biro walinisomea hotuba, wakanipa kitambaa, na kesho yake nikarudi kwenye kamba. Mama Anyesi alikaa mlangoni akituongoza. “Inua kidogo hapo, maji itarudi.” Tuliinua.

Kipande kilipokauka, alitembea mpaka kituo cha afya na kurudi, akina mama wakimfuata taratibu. Mlangoni kwake aligeuka akatazama upande wa mjini, ambako hatukujenga kitu.

“Na ile ingine?”

“Iko ya awamu ya pili,” nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya ajali.

Mvua zilizofuata alishikwa na kifua, akafa. Tulimbeba kutoka nyumbani kwake tukipita juu ya dali tulizolaza. Pale zilipoishia tukashuka barabarani na jeneza, tukatembea kwenye ukingo wa lami, na pikipiki zikitupita.

Vijana wa biro hunijia nyumbani, huniita tonton, yaani mjomba, huniuliza nilijenga nini miaka yote hiyo. Barabara ninazowatajia ni nyingi. Trotwari ninayo moja tu ya kuwaonyesha, na hiyo mji haukuijenga.