Hongo ya Ijumaa

Mwaka jana nilipanda tena Kilimatinde. Mwenyeji wangu, kijana mwenye adabu zake, alinitembeza mtaa wa zamani wa wafanyabiashara, au tuseme mabaki yake: kuta za udongo zilizomomonyoka, kisima kilichojaa mchanga, mbuzi wamejilaza palipokuwa baraza. "Hapa, bibi, waliishi matajiri wa misafara," aliniambia. "Uliwahi kufika?" Nikamjibu kwamba nilipita nikiwa mdogo. Sikuweza kusema zaidi. Uso uliniwaka kwa haya, mimi mtu mzima mwenye wajukuu, kwa jambo la enzi za Wadachi, yaani Wajerumani. Wewe nitakueleza, maana hunioni.

Nililelewa na babu na bibi chini ya mteremko, upande wa bonde la Bahi, katika tembe iliyonuka moshi na maziwa ya mgando. Babu alikuwa mtu wa hongo. Usinielewe vibaya, sisemi hongo ya kumziba mtu mdomo, bali ushuru wa njia. Zamani, kabla boma la Wadachi halijajengwa, misafara ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe ilikunywa maji katika nchi yetu, na maji yana mwenyewe. Babu alikuwa akitoka na kigoda chake, anakaa kando ya njia, kimya. Haombi wala haiti mtu. Wenye msafara ndio waliomwendea na nguo za merikani na kaniki, pamoja na shanga, wakaviweka miguuni pake. Wakileta kidogo, alitazama pembeni mpaka waongeze. Kisha ugonjwa wa sotoka ukafagia ng'ombe, Wadachi wakaja wakasema njia ni yao na hongo basi. Babu akabaki na kigoda na hadithi, na hadithi zile ndizo nilizokulia.

Mwaka mmoja mvua ilikataa kabisa, ghala likabaki vumbi. Tulikula mlenda bila ugali, halafu mizizi. Bibi alikuwa mwanamke wa kujiheshimu. Jirani alipomletea kibaba cha uwele, alikirudisha kwa heshima akisema, "Cha kupewa kinanikwama kooni." Maneno hayo yalinifurahisha zamani, tulipokuwa tumeshiba. Mwaka ule alikonda mpaka bangili zake za waya zikawa zinateleza toka kiwiko hadi vidole, na usiku nilimsikia akihema kama mtu aliyepanda mlima. Asubuhi moja babu akajipaka mafuta na udongo mwekundu, akavaa mapambo yake ya masikio, akachukua kigoda. "Twende," akaniambia, "ukaone mji uliojengwa kwa maji yetu."

Basi nikaona mji! Nyumba zilikuwa zimepakwa chokaa, zimebanana ukuta kwa ukuta, na vichochoro kati yake vilikuwa na kivuli cha baridi hata saa sita. Watoto wa chuo cha Kurani walisoma kwa sauti moja wakiyumba mbele na nyuma. Mfua bati aligonga, punda walilia, kahawa ilinukia tangawizi, na mwanamke mmoja alikuwa akikaanga vitumbua mlangoni kwake, mafuta yakitokota. Sikuwahi kuona chakula kikikaa njiani hivyo, kinangoja mtu tu.

Babu alinitembeza kama mwenye mji. Mbele ya mlango mmoja wa nakshi alisimama, akapapasa mbao kwa vidole. "Huu ulipita kwangu," akasema. "Wapagazi waliutua pale kisimani, wakalalamika mabega hadi jua likazama." Akacheka peke yake. Nami nikatembea kifua mbele, nikiamini kila tuliyempita alimjua babu yangu ni nani.

Mwisho wa mtaa, karibu na msikiti, akaweka kigoda chake kando ya njia, akakaa, mgongo wima. Ilikuwa Ijumaa, na watu walikuwa wanatoka kusali. Yule muuza vitumbua akaja, akainama, akaweka vitumbua juu ya jani miguuni pa babu, akaenda zake bila kututazama usoni. Mwanamke mwingine akaja na konzi ya mtama. Na mwingine tena. Babu akaninong'oneza, "Unaona? Hawajasahau."

Kichwa kilinivimba kwa sifa. Kisha nikageuka. Mbele kidogo alikaa kipofu na bakuli lake, na wanawake walewale, kwa mikono ileile, walimwekea konzi ileile. Mzee mmoja wa kanzu akampa kipofu, akatupa na sisi, akisema kwa upole, "Pokeeni sadaka, maskini wa Mungu."

Sijui kama umewahi kuona aibu kwa ajili ya mtu unayempenda. Ni mbaya kuliko ya kwako mwenyewe, maana huwezi hata kuikimbia. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajibanza nyuma ya babu, nikafunika uso kwa upindo wa mgolole wake. Askari wa boma akapita akisema, "Kunja miguu, mzee, njia si yako." Babu akaikunja.

Nyumbani alimwaga mtama ule mbele ya bibi. "Wamelipa," akasema.

"Akina nani?"

"Watu wa njia."

Bibi akautazama mtama kwa muda, akauchukua, akaketi kwenye jiwe la kusagia. Usiku ule alikula, akalamba vidole, akaniimbia. Nami nilikula. Ugali ulikuwa mtamu, na utamu wenyewe ukaniongezea aibu.

Ijumaa iliyofuata babu akachukua tena kigoda. Katikati ya mteremko nilishindwa, machozi yakanitoka. "Babu, wale hawalipi hongo. Ile ni sadaka. Wanatuhesabu ombaomba!"

Alisimama, akaegemea fimbo akihema. Nilidhani atanipiga. "Mjukuu wangu," akasema, "kwani unadhani niliichagua Ijumaa kwa nini?"

Nikafuta machozi kwa kiganja.

"Bibi yako cha kupewa hali. Cha hongo anakula. Sasa niambie wewe, nimpelekee kipi?"

Nikakichukua kigoda mkononi mwake, nikakitia kichwani, nikatangulia.

Tulipanda kila Ijumaa mpaka mvua iliporudi. Bibi akiuliza, "Wamelipa?" mimi ndiye niliyewahi kujibu, "Wamelipa." Siku moja muuza vitumbua alinitia mkononi kitumbua kingali cha moto, nikafungua mdomo kumwambia neno. Babu akanikanyaga mguu. "Mpokea hongo hashukuru," akasema kwa Kigogo, bila kugeuza kichwa. Nikafumba mdomo, nikatazama pembeni kama yeye, na yule mama akarudi kwenye kikaango chake.

Reli ilipita mbali, Manyoni, na wenye maduka wakaifuata. Hakuna tena harufu ya kahawa katika vichochoro vile, wala sauti za chuoni. Babu na bibi wamelala kaburini siku nyingi. Aibu niliyomwonea babu iliishia palepale mteremkoni. Hii niliyo nayo sasa ni nyingine. Utotoni niliamini wanawake wale hawakututazama usoni kwa dharau. Sasa nimeishi, nimetoa na nimepokea, najua waligeuza macho ili sisi tusione haya. Walimlisha bibi yangu kiangazi kizima. Kijana wa watu akiningoja juani, nilisimama kati ya zile kuta nikitafuta japo kizingiti kimoja cha kuinamia, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia asante kutoka kinywani mwangu.