Kitufe Kilichofungwa kwa Mpira wa Baiskeli

Habari ya kifo chake ilinikuta Butiama, kwenye semina ya maadili ya vijana, mtoa mada akiwa ameshafika kwenye gemu. Alikuwa anatuambia kwamba gemu zinaua hisia za watoto wetu. Ukumbi mzima ulikubali kwa vichwa, nami nilikuwa natikisa goti chini ya meza, kama nifanyavyo nikitaka kubisha na sijui nianzie wapi. Simu ikatetemeka. Ujumbe ulisema fundi wa Manyamanyama, kule Bunda, amefariki alfajiri, anazikwa alasiri. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wanamjua kidogo, maana nilishamtaja humu kama mtu aliyenitengenezea redio ileile mara nyingi bila kuchoka nayo wala kunichoka mimi. Niliondoka bila kuaga. Mtoa mada alinitupia jicho baya, nami nilitamani kumwambia kwamba aliyestahili kusimama pale mbele anachimbiwa kaburi Bunda.

Alikuwa fundi wa redio na televisheni, Mwislamu mzaliwa wa Bunda, na nyuma ya meza yake ya kazi alikuwa na chumba cha gemu. Televisheni moja ilikuwa ya mpira wa miguu, ya vijana na kelele zao. Nyingine aliitenga kwa gemu za hadithi, na hiyo hata watu wazima walikuja kuitazama jioni, kama watu wanavyokwenda kutazama filamu zilizotafsiriwa. Mmoja anashika pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea gemu, na kucheza, wengine wanajaa kwenye mabenchi, fundi anasimama pembeni akitia maneno ya Kiswahili. Tafsiri zake zilinikera kupita kiasi. Siku moja nilimwambia mbele ya watu kwamba yule mtu kwenye kioo hakusema hivyo. "Mwandishi," akanijibu, "wewe ulikuwa unasikilizaga Kiingereza. Sisi tulikuwa tunamwangalia uso." Watu wakacheka. Mimi sikuridhika, na kila nilipopita Bunda niliingia pale nikitafuta kosa jingine.

Gemu yao ya mwisho ilihusu msichana na mdogo wake wa kiume wanaokimbia vita kwa kupanda mlima wenye theluji. Anayeshika pedi ndiye dada. Waliifuata hadithi hiyo jioni baada ya jioni, mpaka wakafika mahali mtoto anateleza, ananing'inia kwenye ukingo, na dada yake amemdaka mkono. Hapo hakuna adui wa kupiga. Kuna kitufe kimoja tu cha kushikilia. Ukikishikilia, mtoto yupo. Ukikiachia, anaondoka na hadithi inaendelea. Waliotengeneza gemu hawakuweka njia nyingine. Jioni hiyo pedi ilikuwa kwa mama mmoja muuza samaki, mzaliwa wa Makoko, mtu wa sauti kubwa na utani mwingi, ambaye soko zima linajua kwamba hapandi mtumbwi hata umbembeleze vipi. Alishikilia kitufe. Watu wakangoja. Kidole kikaanza kumtetemeka.

"Achia mama, twende," mtu akasema kutoka nyuma.

"Siachii," akasema. "Nilishamwachiaga mdogo wangu kule ziwani. Mtumbwi umepinduka, nimemshika hapa, mkono umekufa ganzi, nikamwachia. Mimi siachii tena."

Hakuna aliyejua habari hiyo, na wengi wamenunua samaki kwake miaka nenda rudi. Fundi hakumpa pole wala hakumnyang'anya pedi. Alichukua kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, ule tunaofungia mizigo huku kwetu, akauzungusha kwenye pedi, juu ya kidole cha yule mama, akamwambia akitoe taratibu. Kitufe kikabaki kimebanwa. "Tumemshika," akasema. "Nenda kapumzike, mama. Siku ukiwa tayari utakuja kufungua mwenyewe." Na hapo ndipo hadithi iliposimama. Wateja walinung'unika, walitaka mwisho, wengine wakahama. Aliwajibu kwamba hadithi ina mwenyewe. Umeme ulipokatika gemu ilirudi nyuma, naye aliupanda mlima ule upya, peke yake, mpaka ukingoni, akafunga tena mpira. Mama alikuwa anapita na beseni lake, anachungulia mlangoni, anaona mkono bado umeshikwa, anaendelea kuuza furu wake, wale samaki wadogo wa ziwani.

Jambo hili limeninyima utulivu. Filamu nimeziona nyingi na nimelia kwenye chache, lakini hakuna hata moja iliyonihitaji. Ningesinzia, wangekufa wote bila mimi. Bibi yangu kule Nyegina alikuwa akiita "Hadithi, hadithi!" na tusipojibu "Hadithi njoo!" anajifunga kanga na kuingia ndani, tubaki tunalaumiana. Tulijua haitembei bila sisi. Kisha tukapata vioo vinavyosimulia bila kujali kama tupo, tukazoea, na sasa kimekuja kioo kinachokungoja uamue, nasi tunakiitia semina. Sisemi mtoa mada ni mwongo. Zipo gemu za kuua tu kuanzia asubuhi, nimeziona, na zimenichosha. Kinachonikera ni kwamba siku ile hakuna aliyeuliza hadithi ilikuwa gani, wala mtoto alimlilia nani.

Siku ya tatu baada ya maziko, dua ikiwa imekwisha, mwana mkubwa wa fundi, aliyetoka Musoma, alikwenda kufunga chumba cha gemu, hatua chache tu kutoka msibani. Nilimfuata tu, kukaa chini ya turubai kulikuwa kumenishinda. Umeme kwa bahati ulikuwa haujakatika siku zote hizo. Akaikuta televisheni inawaka, pedi imefungwa mpira. "Hii inawaka ya nini?" akauliza, mkono ukienda kwenye swichi.

"Usizime, baba!" Alikuwa yule mama, ametoka jikoni kwa akina mama, unga bado mikononi. "Kuna mtu pale."

Akakaa kwenye benchi. Akashika pedi, akaweka kidole chini ya mpira, akaufungua mpira kwa mkono wa pili. Kisha akanigeukia. "Mwandishi, fundi hayupo. Nikiachia, uniambie anasema nini."

Mimi, mwenye Kiingereza changu chote! Akaachia. Yule mtoto alifumbua mdomo, akataja jina la dada yake, basi, hakusema neno jingine. Kwa mara ya kwanza katika chumba kile nilimtazama uso. Hakuwa na hasira.

"Anasema panda, dada," nikasema. "Anasema anajua mkono wako ulichoka."

"Ulichoka," mama akaitikia. "Ulichoka kweli, mdogo wangu." Alilia kwa sauti yake ileile kubwa, mpaka akina mama wakaja mbio wakidhani anamlilia marehemu, na labda alikuwa anawalilia wote wawili. Halafu akajifuta kwa kanga, akashika pedi vizuri, akamsimamisha yule msichana na kuanza kumpandisha mlima. Mwana wa fundi akavuta benchi akakaa.

Bado sijatulia. Natembea tembea hapa nyumbani, nasikia vijana wa jirani wanapigia kelele gemu yao, na jana nilishindwa kuvumilia nikaenda kubisha hodi. Walidhani nimekuja kuwagombeza. Nikawaomba wanisogezee kiti na wanieleze huyo anayekimbia anamkimbilia nani. Fundi ameniachia hilo: mtoto akishika hadithi mkononi, usikimbilie swichi, kaa naye kwanza umtazame uso.